Mumewe Hakujua

Jumapili, 22 Februari 1953

Mvua tangu alfajiri. Ibada ilichelewa nusu saa, watu walikuwa wanakwangua matope miguuni pale mlangoni. Baada ya ibada wazee wa kanisa walikaa baraza, nami nikaandika, maana mimi ndimi karani wao.

Shauri la kwanza: paa linavuja. La pili: harusi ya baada ya Pasaka. La tatu: Roda, mke wangu.

Ametengwa na Meza ya Bwana tangu Desemba kwa kosa la kumpeleka mtoto wetu Elina kwa mganga, ng'ambo ya mto Songwe. Tangu hapo hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na Meza ikiandaliwa hutoka nje. Leo wameamua hivi: kabla ya Pasaka asimame mbele ya baraza, aseme ametubu, na aahidi kwamba hatarudia. Akisema hivyo, anarudishwa. Asiposema, jina lake linafutwa. Na mtoto aliye tumboni, mimba ya miezi mitano, hatabatizwa.

Mzee Hezron si mtu mbaya. Alinishika bega tulipotoka. Mwalimu, akasema, ni maneno machache tu, ayaseme tumpe mkono, yaishe.

Nilimkuta Roda anachambua maharage. Nikamweleza. Akauliza maneno yenyewe ni yapi. Nikamtajia. Akaendelea kuchambua, bovu huku, zima huku, mpaka ungo ukaisha. 

Jumatano, 25 Februari

Jibu limekuja leo, tunakula.

Alisema kusikitika anasikitika kila siku, hahitaji baraza limkumbushe. Lakini kwamba alikosa kumpeleka mtoto — hilo halijui. Kisha akaweka mkono tumboni.

"Na huyu naye akishikwa na degedege kama dada yake, nikiwa peke yangu na usiku umeingia, unataka nimwahidi Mungu nini?"

Nilimwambia aseme tu, wangapi wamesimama pale wakasema tu. Akaniuliza:

"Kumbe wewe ndivyo unavyosali?"

Chakula kilinishinda.

Alhamisi, 5 Machi

Watoto wa darasa la nne wamefanya jaribio la hesabu. Thelathini na mmoja, waliopita kumi na tisa.

Naandika hapa jambo ambalo sijaliandika popote. Pale shuleni Malangali tulifundishwa kuweka tarehe kwanza, kisha ukweli. Tarehe nimeweka.

Novemba mwaka jana Elina alishikwa na degedege mara tatu kwa siku mbili. Alikuwa na miaka miwili na mwezi mmoja. Dresa wa dispensari alimpa vidonge, akataka kumchoma sindano. Watu wote hapa kilimani husema sindano humwua mtoto mwenye degedege. Kitabu cha afya ninachofundishia kinasema si kweli. Nimelifundisha somo hilo miaka minne, ubaoni, kwa chaki. Lakini macho ya mtoto yalipogeuka mara ya tatu sikukumbuka kitabu. Nilisema: asichomwe.

Mganga alitaka kuku mweusi asiye na unyoya mweupe. Roda hakuweza kumwacha mtoto hata dakika. Kuku huyo nilimtafuta mimi. Nilimwomba kwa Jenista, jirani yetu, nikamwambia tuna mgeni. Nikamkimbiza mwenyewe nyuma ya choo cha shule mpaka nikamkamata. Nikambeba Elina begani hadi mtoni, kule chini ya Isongole. Maji yalikuwa ya magoti tu. Mama mkwe alikuwa ametangulia, amesimama ng'ambo ananyoosha mikono. Roda akampokea mtoto, akavuka. Mimi nikarudi. Jumatatu mkaguzi wa shule alikuwa anakuja.

Jumanne Elina akafa. Amezikwa kulekule, Nyasaland, kwa wajomba zake Roda. Sikuwahi kumwona tena.

Desemba baraza likamwita Roda. Akasema yote, ila moja. Mzee Hezron alimwuliza, na Mwalimu alijua? Roda hakunitazama. Alisema: "Hakujua." Alifahamu kwamba mwalimu wa misheni aendaye kwa mganga hufukuzwa siku hiyohiyo na kuhama nyumba. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Wote walikuwa wananisubiri. Nikaandika: Mumewe hakujua.

Nimeutazama mstari ule mara nyingi. Mwandiko ni mzuri. Haukutetemeka hata herufi moja.

Jumapili, 8 Machi

Mahubiri juu ya Ayubu. Mchungaji Anyosisye alisema Ayubu hakumwacha Mungu ingawa watoto wake wote walikufa siku moja. Sawa. Lakini nilimfikiria mke wake. Yeye ndiye aliyewazaa wale kumi, na kwenye kitabu amepewa sentensi moja tu, na ya kukemewa.

Sikuthubutu kumwuliza Mchungaji.

Jumatatu, 16 Machi

Mama mkwe, Tupokigwe, amekuja kutoka Isongole na unga wa ulezi na mkungu wa ndizi kichwani, umri wake wote ule na mlima ule. Kwa desturi yao hasemi nami uso kwa uso. Hukaa upande wa jiko na kumtuma Roda, ingawa tuko hatua tatu na ninasikia kila neno.

Mwambie mkwe, habari za kazi. Mwambie mkwe, mto umejaa, hakuna kuvuka mpaka Mei, kaburi la mtoto nimemwachia mjomba alitunze. Roda hakurudia maneno, alikuwa anasonga ugali tu. Mimi nikajibu kupitia kwake vilevile: mwambie mama nashukuru.

Baadaye bibi akasema, akiangalia moto:

"Mwambie mkwe, yule kuku alikuwa mnene. Aliyemchagua alijua kuchagua."

Roda akaacha kusonga. Nami nilikuwa na kikombe mdomoni, sikujua nikiweke wapi.

Halafu bibi akaendelea kama hakusema kitu: mwambie mkwe ndizi hizi ni za kuiva, asizichemshe kama watu wa Ihanda wanavyochemsha kila kitu. Kwetu ni Ihanda. Roda alicheka kidogo, kwa mbali sana. Nikacheka na mimi. Aibu ilibaki palepale.

Jumanne, 17 Machi

Mama mkwe ameondoka asubuhi. Hakuaga kwangu, ila aliufuta vumbi mlango wangu kwa kanga yake, kisha akashuka mlima.

Alhamisi, 26 Machi

Nimeongea na Mchungaji baada ya masomo. Nilitaka kumwambia yote. Niliongea juu ya paa.

Jumapili, 29 Machi

Jumapili ya Matawi. Watoto wangu waliimba vizuri. Roda benchi la nyuma. Ameongeza mto mdogo wa kukalia, mgongo unamsumbua. Wiki moja imebaki.

Jumanne, 31 Machi

Wiki hii kila jioni tunasoma habari za mateso ya Bwana kanisani, sura kwa sura, na wasomaji hupangwa na Mzee Hezron. Leo zamu yangu. Sikuchagua mimi. Petro uani, moto, kijakazi anamtambua, naye anakana. Mara tatu.

Nilisoma yote. Sauti haikukatika. Nilitua penye nukta, nikapandisha sauti penye swali, kama ninavyowafundisha watoto. Roda alikuwa mwisho kabisa, kando ya mlango.

Mzee Hezron akanishukuru. Alisema nimesoma vizuri, hata wa nyuma wamesikia.

Njiani Roda alitangulia hatua chache, kopo la taa mkononi. Nilimwambia nitasema, Jumamosi mbele ya baraza nitasema. Hakugeuka. Alisema nikisema tutalala wapi, na yeye atajifungulia wapi, kwenye mvua? Alisema alikwisha kulipa kwa ajili yetu wawili, nisimharibie malipo yake.

Kwa hiyo kunyamaza kwangu sasa ni kumtii mke wangu. Ndivyo nilivyojiambia mpaka mlangoni. Petro hakuwa na sababu nzuri namna hii.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Hakuna kazi, hakuna kengele. Baada ya ibada nilishuka peke yangu mpaka mtoni, mwendo wa saa mbili. Songwe imejaa, nyekundu, inapita na magogo na mabua ya mahindi ya watu. Pale tuliposimama Novemba sasa ni katikati ya maji.

Nilitaka kusali. Nilisema Baba, nikakwama. Nikabaki kuhesabu magogo. Nilifika kumi na saba.

Nimefundisha Maandiko miaka mingi na nimewaambia wafiwa wengi kwamba Mungu yuko karibu nao. Sikuwaambia uongo. Lakini leo nadhani yuko karibu na Roda, na mimi nimesimama ng'ambo. Yeye hataki kusema neno asiloliamini, hata kwa ubatizo wa mtoto wake. Mimi naweza kuandika lolote. Imeandikwa kwamba siku ile vitabu vitafunguliwa. Nikifikiri hivyo naona jalada jeusi la kitabu cha baraza, na mwandiko wangu.

Yule bibi ng'ambo ya mto alinyoosha mikono. Mimi nilirudi kwa mkaguzi.

Jumamosi, 4 Aprili. Saa tano na nusu asubuhi

Naandika kwa penseli, kanisani, benchi la nyuma. Niandike yote kwa mpango kabla hawajatuita.

Asubuhi wanawake walipalilia makaburi, maana kesho alfajiri ibada ya Pasaka huanzia pale, kila mtu penye kaburi la mtu wake. Roda alikwenda na jembe. Hana kaburi pale. Alipalilia ya wengine, na hakuna aliyemzuia. Nilikuwa ukutani napaka chokaa. Nilimsikia Jenista akimwambia:

"Mke wa Mwalimu, hilo ni la bibi yangu. Usimpalilie kwa nguvu hivyo, ataamka kabla ya kesho, na ana maneno yule!"

Wote wakacheka. Roda alicheka mpaka akaegemea jembe. Sijamsikia hivyo tangu Novemba. Nilipaka chokaa mahali pamoja mara mbili.

Saa nne baraza. Wazee watano na Mchungaji, chumba cha pembeni. Roda alisimama, mkono mmoja kiunoni kwa uzito. Mchungaji alimwuliza kwa upole, kama mtu anayemwuliza mgonjwa. Roda akasema anasikitika, Mungu anajua, na kila siku anaomba msamaha kwa asiyoyajua. Lakini ahadi hawezi.

"Nikiahidi nitaahidi kwa mdomo. Mtakuwa mmenirudisha mezani na uongo kinywani."

 Mzee mmoja alikohoa. Mzee Hezron alitoa leso akafuta macho, nilimwona. Halafu akasema kilichopaswa kusemwa: Mwalimu, andika, jina lifutwe.

Nilichovya kalamu. Kisha nikafungua kurasa nyuma mpaka Desemba, nikakigeuza kitabu kiwaelekee.

Nilisema hapa pana uongo. Nilijua. Nilikataza sindano mimi, kuku nilimkamata mimi, mtoto nilimbeba mimi mpaka mtoni. Roda alisema sikujua ili kunifunika, nami nikaandika.

"Mwalimu, kaa chini," Roda akasema. Kumbe nilikuwa nimesimama.

Mzee Hezron aliweka kidole juu ya ule mstari. Akauliza kama nilipouandika nilijua ni uongo. Nilisema ndiyo. Akauliza kama Jumanne nilipokuwa nasoma habari za Petro nilijua. Nilisema ndiyo. Hakuuliza tena.

Wametutoa chumbani wazungumze. Roda hajanilaumu. Aliniuliza kama nimekunywa hata uji. Nikasema bado. Akasema hata yeye. Basi.

Ukuta ni wa matofali mabichi, sauti zinapita. Mmoja anasema shule inafunguliwa Jumatatu ya wiki ijayo, nani atafundisha. Mmoja anasema nyumba. Mchungaji anasema kitu polepole, sisikii. Mmoja anasema kama ni hivyo basi wafutwe wote wawili. Mmoja anasema mbona sote tuna watoto na sote tunajua sindano ile inavyosemwa, nani hapa hajawahi kuvuka mto? Baada ya hapo nasikia viti tu.

Sasa hivi Mzee Hezron ametoka. Kitabu wazi mkononi, na kalamu. Alisema wameafikiana juu ya Roda na juu yangu, na inatakiwa iandikwe, na kati yao hakuna mwenye mwandiko wa kusomeka. Hakusema wameafikiana nini. Alisema:

"Njoo utuandikie, Mwalimu. Mistari miwili tu."

Niliinuka. Miguu imezoea. Roda hakunishika. Alimwambia Mzee Hezron, taratibu, kama anavyoongea na baba yake:

"Mzee, huyu leo ni wa benchi hili. Andikeni wenyewe."

Nikakaa.

Mzee alitutazama, Roda, halafu mimi. Nilidhani atakasirika. Alikiangalia kitabu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asijue ashike wapi, akageuka, akarudi ndani. Mlango hakuufunga. Kutoka hapa naona ameketi mahali pangu. Amechovya kalamu. Mkono uko juu ya karatasi. Wenzake wameinama wanamwangalia.

Wino umedondoka. Bado hajaanza.