Sikuliuza Shamba la Mama

Santa Rita,
Kando ya Ziwa Pátzcuaro,
Michoacán.

27 Mei, 2024.

Mpendwa kaka Fidencio,

Pokea salamu nyingi za dada yako Herlinda, ambaye mpaka anaandika mistari hii ni mzima, isipokuwa mgongo unaoniuma, na sababu yake utaisoma huko mbele. Vipi hali yako huko Chicago? Wifi yangu Amparo, ule mguu wake ulioteguka kwenye barafu umepona? Nawaombea kila jioni, na wewe unajua mimi nikiomba huwa siombi kwa sauti ndogo.

Najua umesubiri simu yangu zaidi ya wiki. Sikupiga kwa makusudi. Kwenye simu tungekatizana maneno, lakini kwenye barua itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Nilitoka Morelia Ijumaa ya tarehe 17 asubuhi na mkoba mdogo tu. Nia yangu ilikuwa moja: nikutane na Don Leoncio, mnunuzi wetu, nitie saini, nimkabidhi shamba la marehemu mama, nirudi kwa mwanangu Yuritzi. Niliteremka Pátzcuaro kwa sababu basi la Santa Rita lilikuwa bado, na tumbo lilikuwa linadai uji na korunda, yale mabumunda ya mahindi yanayofungwa kwa majani. Mji ni ule ule, kaka. Kuta nyeupe zenye mkanda mwekundu chini, vigae vilivyoota nyasi, kengele za Basilika zinazogombana na redio za wauza viatu. Kilichobadilika ni ziwa. Pale tulipokuwa tukipanda mtumbwi na mama, sasa ng'ombe wanalisha. Nilisimama nikatazama, hamu ya kula ikaniisha.

Gulio la kubadilishana bado lipo, mbele ya kanisa la San Francisco. Watu wa milimani na kuni zao, wa ziwani na dagaa wakavu, wa kwetu na vyungu, wala peso haitoki mfukoni. Nilikuwa napita tu pembeni, nikasikia sauti iliyonigandisha.

"Wewe! Binti wa Epifania! Unapita kama mtalii, huoni watu?"

Alikuwa Nana Cuca, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Amezeeka mwili, ulimi haujazeeka hata kidogo. Nikamwamkia, nikaona aibu kusimama mikono mitupu, nikatoa pakiti ya biskuti niliyonunua stendi nikamwomba dagaa. Akavunja moja, akatafuna, akanipandisha na kunishusha kwa macho.

"Hizi mtu anatafuna upepo," akasema. "Lakini lete. Dagaa hawa nakupa kwa ajili ya mama yako, si kwa ajili ya biskuti zako." Kisha akapunguza sauti. "Ni kweli mnamuuzia Leoncio?"

Nikamwambia ni kweli, nyumba inavuja na hakuna anayekaa.

"Haya. Kesho kijiji kizima tuko kwenye msaragambo shambani kwenu, tunazibua chemchemi. Tumeomba ruhusa kwa mwenyekiti maana wenyewe hampo. Njoo basi, ukaone unachokiuza."

Nilikwenda kweli, kaka, nikiwa na viatu vyangu vya mjini. Unaikumbuka ile kona ya chini, kwenye mti uliolalia ziwani? Chemchemi ilikuwa imefukiwa na tope na matete, huwezi kujua kama paliwahi kuwa na maji. Watu walikuwa wameshaingia hadi magotini, wanaume kwa wanawake, wanapokezana ndoo. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mpisheni mama wa Morelia, asije akachafuka!" Wakacheka wote. Nami nikacheka, halafu nikavua viatu.

Sikupanga kuchimba. Nilianza kwa kupokea ndoo, mara nikajikuta nina koleo. Nana Cuca alikaa juu ya jiwe akituamuru kama jenerali. Jua lilipokuwa utosini tulikuwa bado tunatoa tope jeusi linalonuka, na wengine wakaanza kunong'ona kwamba imekufa. Kisha Tata Wenceslao, yule fundi wa nyavu, akasema, "Nyamazeni." Tukanyamaza. Chini ya miguu yangu nilihisi kitu cha baridi kinasukuma, kama mtoto anapocheza tumboni. Maji yalitoka machafu kwanza, kisha meupe, kisha yakawa maji. Watu wazima walipiga vigelegele, na Tata Wenceslao alivua kofia akasimama hivyo hivyo, machozi yanamtoka bila kujificha.

Don Leoncio alinikuta hapo hapo. Akashuka kwenye pikapu yake na bahasha mkononi, shati safi, mstaarabu kama kawaida yake.

"Dada Herlinda, hongereni. Mmenirahisishia kazi," akasema. "Hapa naweka pampu, bomba linapanda hadi kwenye miparachichi yangu kule mlimani."

"Na hawa watachota wapi?" nikamuuliza.

"Watazoea. Watu huzoea."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana lilinichoma zaidi. Nikatazama watu. Walikuwa wameinamia ndoo zao. Hata Nana Cuca alikuwa anaangalia miguu yake.

"Basi siuzi," nikasema.

Akatabasamu. "Nimeshazungumza na kaka yako kwenye simu."

"Kaka yangu yuko mbali, na karatasi inataka saini mbili. Ya kwangu huipati."

"Paa likikuangukia utanitafuta, dada."

"Nikikutafuta, Don Leoncio, itakuwa kukuuzia vyungu."

Alirudi kwenye gari bila kuaga. Mimi nikashika tena koleo hadi jioni, na hiyo ndiyo sababu ya mgongo huu.

Najua fedha za shamba mlishazipangia nyumba yenu huko Chicago, na hilo linaniuma. Lakini sijutii, kaka, na nisingependa nikudanganye kwamba najuta. Sirudi Morelia. Yuritzi anasema nimechanganyikiwa, kisha jana huyo huyo akaniletea godoro. Nimewasha tanuri la mama. Vyungu vya kwanza vimepasuka karibu vyote. Viwili vilivyosalimika ni vya kupendeza, na Ijumaa nakwenda navyo mjini. Wanakijiji wamekuja kupanga vigae vya paa bila kuitwa. Na jana jioni nilizunguka kilimani hadi juu ya makaburi: mahindi yameanza kuchipua, mawingu ya mvua yamekaa upande wa Tzintzuntzan, na kutoka kwenye kona yetu mkondo mwembamba unateremka kwenda ziwani. Mdogo, lakini unafika.

Nisalimie sana wifi Amparo, na wapwa wangu Citlali na Román. Nana Cuca anakusalimu na anasema uliwahi kumvunjia chungu ukakimbia. Tata Wenceslao naye anakusalimu. Mama Bikira wa Afya awafunike kwa vazi lake, kazini na barabarani.

Ukinikasirikia, una haki. Ila hasira hiyo usiniandikie wala usinipigie simu. Sasa una karatasi zako za ukaazi, hakuna wa kukuzuia mpakani; panda nayo ndege, uje nayo mwenyewe, unigombeze hapa mlangoni mpaka uchoke. Chumba cha mbele nimeshakitandika.

Dada yako anayekupenda hata ukinuna,

Herlinda Huipe