Unene wa Mnazi Mmoja

Jumatatu, 12 Mei
Madaftari ya Kidato cha Nne tena. Vumbi la chaki kooni. Kipindi cha mwisho Mwanaidi, yule mwanafunzi wangu mbishi, kauliza: ukikata rula nusu, kisha nusu ya nusu, utafika mahali haikatiki tena? Nikamwambia kesho. Nimechoka na habari za nusu. Nyumbani ni hizo hizo.

Jumanne, 13 Mei
Nimemjibu. Upo urefu mdogo mno. Kwa mita, andika nukta, kisha sifuri thelathini na nne, ndipo tarakimu zianze. Kama umbali wenyewe unaishia hapo, hakuna ajuaye. Ila chini yake hesabu zetu zinakwama. Ukilazimisha kupima kidogo zaidi, nishati ya kupimia inakuwa kubwa hata inazaa shimo jeusi, linameza ulichokuwa unapima. 

Jioni wazee walikuja shambani, hapa Mapinga. Marehemu Baba alipanda mnazi uwe mpaka wangu na kaka Shomari. Mnazi umekufa, umeoza, limebaki shimo. Kaka anasema mpaka unapita ukingo wa shimo ulio upande wangu. Mimi nasema ulio upande wake. Tunagombea unene wa mnazi mmoja. Wazee wakagawa katikati. Kaka akataka nusu ya nusu yangu. Badala ya kucheka nikaenda kuleta tepu. Mwalimu mzima.

Alhamisi, 15 Mei
Nimempa kaka shikamoo njiani. Hakuitikia. Ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kwenda chuoni kusoma Kurani, mvua ikinyesha. Imeniuma sana.

Kisha hasira. Nikarudi kupima. Kingo zimebomoka, tumezikanyaga mno siku zote hizi. Shimo limekuwa pana, halina umbo. Hakuna pa kushikiza tepu.

Ijumaa, 16 Mei
Nilichelewa msikitini. Nafasi ilikuwa moja, kando ya kaka. Imamu akahimiza kama kila Ijumaa: nyoosheni safu, zibeni nafasi. Kati ya bega langu na lake palitosha kupita kiganja. Nikangoja asogee yeye, ndiye mkubwa. Hakusogea. Nikasogea mimi. Bega likagusa bega. Hakulikwepa.

Tulipomaliza nikamwambia shimo lote ni lake. Akatafuta kandambili zake mlangoni, akavaa moja, akasimama.

"Marahaba," akasema.

Leo sikuwa nimemwamkia. Alikuwa anaitikia ile ya jana.

Madaftari bado yapo mezani.