Tekla Hali Ndizi

Kinondoni, Dar es Salaam
Alhamisi, 13 Agosti 1953

Kwa dada yangu mpenzi Apolonia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji Polikarpo, na kwamba goti lililokusumbua wakati wa masika limepoa, na mama anapata usingizi. Sisi huku tu wazima, ukiacha mafua ya watoto, ambayo katika nyumba hii hayaishi, yanahama tu kutoka pua hii kwenda pua ile. Shemeji yako Leodegar hajambo. Anakwenda kazini na baiskeli yake kila asubuhi, na jioni akirudi, kabla hajavua kofia, anauliza kuna nini cha kula, utadhani nimefungua hoteli.

Barua yako aliyokuja nayo ndugu yetu Gaudens niliipata. Umesema wakati umefika, Tekla ametimiza miaka mitano, na kwamba Gaudens akimaliza mafunzo yake ya ukarani hapa mjini arudi naye kwako. Ahadi yangu sijaisahau. Nakumbuka nilivyojifungulia huko nyumbani, nikaugua homa siku arobaini, wewe ukamlisha mtoto maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, na mimi ukanipondea ndizi kama kizee asiye na meno. Nilipopata nguvu ya kukaa nilisema mbele ya mama kwamba huyu akifikisha miaka mitano ni wako, kwa kuwa Mungu hajakupa wa kwako. Nilisema mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Jumamosi Gaudens anapanda gari la moshi. Nakuomba dada usikasirike, hatakuja na Tekla. Si kwamba nimebadili nia. Ni kwamba mtoto mwenyewe kwa sasa hafai kuletwa, na ukisoma taabu ninayoipata jikoni utanielewa.

Jirani yetu ni Bi Mwanakombo, Mzaramo, mwenyeji wa hapa tangu enzi za babu zake. Ni mtu mwema mno, na wema wake ndio unaonimaliza. Kila adhuhuri hutandika mkeka barazani, huweka sinia la wali wa nazi na samaki, na mtoto yeyote anayepita huitwa aje kunawa. Haulizi wa nani. Mimi huku nimehangaika tangu asubuhi kutafuta mkungu wa ndizi wa maana, maana za huku nyingi ni ngumu na hazina ladha, nimemenya, nimefunga kwa majani, nimepuliza moto mpaka macho yamekuwa mekundu. Napakua, naita, kimya. Nachungulia uani, nawaona wamekaa duara kwa watu, wali umewafika viwikoni.

Nilimwendea Bi Mwanakombo kwa adabu nikamwomba awe anawarudisha nyumbani. Alinishangaa kana kwamba nimemwambia awapige. Alisema, Mama Fransis, mie nimfukuze mtoto na chakula kiko mbele yangu, watu watanionaje? Kisha akaniambia na mimi nikaribie, ninawe. Nikarudi kwangu mwenye aibu ni mimi.

Basi nikasema, kama ni wali wa nazi, wataupata humu humu. Nilikopa mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, nikakikalia, nikakuna nazi mbili pamoja na ngozi ya kidole changu kimoja. Nikakamua tui lote, zito na jepesi, nikalichanganya, nikamimina juu ya mchele, nikafunika, nikaenda kumwosha mwanangu Projestus aliyekuwa amejipaka masizi mpaka kwenye ulimi. Kumbe wenyewe hutanguliza tui jepesi, lile zito huja mwisho, wali unapokaribia kukauka. Niliporudi nilikuta juu uji, chini makaa, na mafuta yanaelea katikati. Shemeji yako alikula bila kusema neno, na kwake yeye hiyo ndiyo namna ya kulalamika. Fransis alikwenda kutangaza kwenye mkeka wa jirani kwamba mama kapika uji wa nazi una mchanga. Haikupita nusu saa, Bi Mwanakombo akaniletea sahani ya wali iliyofunikwa kawa, akasema ni kionjo tu. Ningetukanwa ningeumia kidogo kuliko vile.

Ulipoingia mwezi wa Ramadhani nilidhani nitapumzika, maana mchana sinia halitoki. Fransis, mwenye miaka saba, akanizidi akili. Alimwambia Bi Mwanakombo kwamba na yeye amefunga. Kila magharibi akawa anakaa na wafungaji kwenye futari, muhogo wa nazi, tambi, kaimati, na huku mchana nyumbani kwangu amekwisha maliza sahani mbili. Bi Mwanakombo alikuja hasa kunipongeza kwa kumlea mtoto wa Kikristo anayeuheshimu mwezi wa wenzake. Dada, uso niliuweka wapi sijui. Nilisema ahsante. Ukweli ulitoka kanisani, pale mwalimu wa dini aliponiuliza imekuwaje mwanangu anawaringia wenzake kwamba amefunga siku thelathini, na Ijumaa Kuu saa nne asubuhi alikutwa nyuma ya kanisa na kipande cha mkate. Nilimchapa, na alipokuwa analia alisema analia kwa njaa.

Lakini Fransis na Projestus nitawaweza. Aliyenishinda ni huyo Tekla wako. Wakati wa Pasaka nilikuandikia kwamba ndizi anazichaguachagua, anapendelea wali wa nazi. Sasa mambo yamezidi. Tekla hali ndizi. Akiziona anaigeuza sahani juu chini, anasema ni chakula cha ng'ombe. Maharage anayatema. Bila nazi na samaki hafungui kinywa. Kihaya hajui hata kuamkia, nikimsemesha ananitazama kama mgeni aliyepotea njia. Jikoni hakanyagi, na ukimtuma kuleta mwiko tu, ni kilio cha kusikika barabarani. Sasa mtoto wa namna hiyo nikuletee wewe, katika nyumba ya katekista, katikati ya migomba, akuaibishe mbele ya wakwe zako? Nimeona heri nimnyooshe kwanza, labda mwaka mmoja, labda miwili, halafu

Hapo dada nilisimama, kwa sababu Gaudens aliingia kutoka sokoni na gunia begani, akalitua, likagonga sakafu. Zilikuwa nazi kumi, na juu yake mbuzi ya kukunia, mpya. Nikamwuliza ni za nani. Akatoa mfukoni karatasi yako uliyompa alipoondoka huko, imekunjwa mara nne, mwandiko wako mwenyewe. Nazi kumi zilizokomaa, mbuzi ya kukunia, kifumbu cha kuchujia, na chini umeandika, mwangalie mtoto asipate baridi kwenye meli. Sikujua kama kuna karatasi kama hiyo.

Gaudens akaanza kunisimulia huku anacheka. Amesema tangu barua yangu ya Pasaka unakwenda kila Jumamosi mjini, mwendo wa saa mbili kwa miguu na goti hilo, kwa mke wa askari mmoja mtu wa pwani, akufundishe kupika wali. Amesema umeunguza sufuria mbili, na shemeji Polikarpo anakula tu. Amesema ulimwambia mama kwamba mtoto akifika asilie njaa siku ya kwanza nyumbani kwako, hata kama hali ndizi maisha yake yote utampikia anachotaka. Gaudens aliona ni jambo la kuchekesha. Mimi nilikaa chini jikoni nikalia, na yeye akadhani nalia kwa kuagana na mtoto.

Dada, Tekla anakula ndizi. Hakuna katika nyumba hii azilaye kama yeye.

Yote niliyoandika juu ya Fransis ni kweli, na uji wa nazi ni kweli, na aibu zangu zote kwa jirani ni kweli. Ya Tekla ni uongo, haya ya leo na yale ya Pasaka. Nilimsingizia mtoto ili usimtake. Nilidhani ukisikia ni mlafi, mkaidi, hajui lugha, utasema basi akae huko huko, na mimi nitabaki na mtoto bila ya kuvunja ahadi kwa kinywa changu. Sikufikiri kwamba utaunguza sufuria kwa ajili yake.

Ukweli ni huu. Adhuhuri wale wawili wakikimbilia mkeka wa jirani, Tekla habanduki. Anatandika jani chini, anakaa upande wake, ananingoja. Tunakula sote wawili kwa mikono, na ile ndizi laini kuliko zote huisukuma upande wangu akidhani sioni. Bi Mwanakombo humwita kama anavyowaita wengine, naye hujibu kwa adabu, ahsante bibi, tunakula na mama. Kihaya anakijua chote, tukiwa jikoni hatusemi kingine. Ananiuliza habari za huko, nani ana ng'ombe wangapi, ziwa lina rangi gani, na mimi namweleza kila kitu na kila mtu. Jambo moja tu sijamwambia mpaka leo, kwamba wewe uliahidiwa yeye.

Leodegar siku hizi naye anasema ndizi zinamvimbisha tumbo, anataka wali. Wavulana wamekwisha kuwa watu wa pwani, na siwalaumu, ndiko walikokulia. Huyu akiondoka, dada, nitapika ndizi nile na nani?

Kwa hiyo simtoi. Si mwaka huu wala mwakani. Nilitaka kuandika kwamba ni bado kidogo, nikaona huo ni uongo wa tatu. Niliahidi na nimevunja. Na kwa kuwa leo nasema kweli, niiseme yote, nimekukasirikia pia. Nimekukasirikia kwa kuhesabu miaka, nikamkasirikia mama kwa kuwapo siku ile akasikia, na Leodegar nimemkasirikia kwa kusema tu kwamba ahadi ni ahadi halafu akaomba chai. Najua wewe hukukosa lolote. Uliniweka hai mimi na mtoto, na malipo yako ni haya. Ukiniita mwizi nitaitika.

Gaudens ameninunia. Anasema barua hii hataibeba, niandike nyingine yenye salamu tupu, na yeye atakueleza kwamba mtoto ana surua. Nimekataa. Nimemwambia akiitupa njiani nitaandika ya pili na kuitia posta. Wiki ijayo utamwona anashuka kwenye meli na karatasi hii tu mkononi, hana mtoto wala nazi. Nazi nimemzuia. Kukuletea nazi bila mtoto wa kuzila ingekuwa ni kukucheka, na mimi dada sikucheki.

Mweleze mama wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Msalimie shemeji Polikarpo, na umwombe radhi kwa ajili yangu kwa yale aliyoyala. Leodegar anakusalimu, bado hajui nilichoandika, atakijua jioni hii akishakula. Fransis na Projestus wanakuamkia wote wawili kutoka kwenye mkeka wa watu.

Tekla yuko hapa ubavuni mwangu anachambua maharage. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia ni mama yake mkubwa, Apolonia, anayempenda sana. Akasema nikuandikie shikamoo, nami nimeiandika. Kisha akauliza kama na wewe unakula ndizi. Nikamwambia ndiyo. Akauliza, anakula na nani?

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Adelina Kokushubila