Neno "Rahisi" Kabla ya Fainali

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Al Mansoura mama yako mdogo amejifungua salama. Mimi ndiye ninayeishiwa nguvu. Umeuliza kwa nini timu ya chuo nilikofundisha, ambayo haikufungwa msimu mzima, ilipoteza fainali.

Kipa wetu Idris, Msudani, alikuwa na wasiwasi. Nikitaka kumwambia mechi itakuwa rahisi kwake, nikamtuliza kwa Kiarabu changu cha kubahatisha: "Wewe rahisi!" Kumbe kwao neno hilo ni la kitu cha bei ya chini; nilikuwa nimemwambia hana thamani.

"Mimi, ustadhi?" Akavua glavu, akaondoka; tukacheza bila yeye, tukafungwa.

Miaka yote wenzake walimwita msaliti, nami nikanyamaza. Juzi nilimpigia simu, nikamweleza.

Akacheka mpaka akakohoa. "Ustadhi, Kiarabu chako ndicho rahisi!"

Ukiulizwa habari za fainali ile, sema bila aibu: aliyeifungisha timu ile ni babu yangu.

Babu yako