Moyo Uliobaki Kwenye Kioo

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Malindi. 14 Oktoba 1987.

Jina: Shekha Omar Stambuli. Umri: miaka 41. Kazi: muuguzi, zahanati ya binafsi. Makao: Shela, Malindi.

Mnamo tarehe 13 Oktoba 1987, saa nne asubuhi, nilikuwa kazini. Mawakili wa pande mbili walikuja kwa amri ya mahakama ya rufaa. Kampuni moja ya Nairobi inadai kwamba programu ya kompyuta aliyoibuni Bwana Anantrai, mwajiri wangu, inayopeleka mapigo ya moyo kwa waya kutoka kitandani hadi kwenye kioo cha kompyuta katika chumba cha wauguzi, iliibwa kwao. Kesi ya kwanza alishinda yeye, hati ya uvumbuzi ikabaki yake. Rufaa hii ndiyo iliyomkondesha.

Ili waone inavyofanya kazi, alijilaza mwenyewe kitandani, nikamfunga nyaya kifuani. Vitanda vingine vilikuwa vitupu. Nikaenda kwenye kioo. Mapigo yalikuwa mazuri. Mara Bwana Ndirangu, mtaalamu wa kampuni ya Nairobi aliyekuja na mawakili, akaniita. Nilimkuta Bwana Anantrai amekwisha kufa. Daktari alithibitisha, nami nikamtoa nyaya.

Niliporudi, moyo wake ulikuwa bado unapiga kwenye kioo.

Mimi si mtu wa mashetani; nimefumba macho ya maiti wengi. Bwana Ndirangu alisema hiyo ni kasoro ya programu, ile ile iliyomo katika yao, kwa hiyo iliibwa kwao na rufaa wameshinda. Akanitaka nizime mashine ipelekwe mahakamani. Lakini mjane, Bi Gomti, alikuwa ameshafika, amevuta kiti mbele ya kioo. Jamaa zake walimtaka aruhusu mwili uchomwe kabla ya jua kutua, kwa desturi yao ya Kihindu. Alikataa. Mimi aliniambia, "Bi Shekha, nimchome vipi na moyo wake wapiga?"

Nilimhurumia, ila kazi ni kazi. Nikanyoosha mkono. Kabla sijagusa swichi, mapigo yakaenda mbio, kama ya mgonjwa aliyeona sindano. Nikarudisha mkono, yakatulia.

Bwana Ndirangu aliona. Alichukua mkoba wake akatoka.

Sikuzima. Niliogopa, na hadi sasa naogopa. Bi Gomti angali pale, na mumewe hajachomwa.

Nimesomewa niliyoyasema, nami nakiri ndiyo maelezo yangu.

Sahihi: Shekha Omar

Yameandikwa nami, Konstebo Kahonzi. Baada ya maelezo haya nilikwenda zahanatini kuichukua mashine iwe kielelezo. Sikuichukua. Naomba kazi hii apangiwe afisa mwingine.