Sura ya Tisa Uliyoizuia, Baba

Mwaka umetimia leo, Baba yetu Wilfrid Thackray, tangu ulale kwenye kiti chako hapa Harmsby usiamke tena.

Tunakumbuka ulivyovua saa ya mkononi kila ulipotaka kugusa kitabu cha kale, isije ikakwaruza kurasa zake za ngozi. Tunakumbuka biskuti ulizochovya kwenye chai hadi zikakatikia humo, nawe ukakilaumu kikombe.

Kwa miaka ishirini na miwili ulichunguza michezo ya Biblia ambayo mafundi wa mji wetu waliicheza juu ya mikokoteni iliyofuatana mitaani, kabla Uingereza haijatoka Ukatoliki na kuingia Uprotestanti. Katika kitabu chao, kilio cha Maria chini ya msalaba kimekatwa kwa mstari mrefu. Ulifundisha kwamba waliokikata ni wakubwa wa dini mpya, wasiotaka Maria atukuzwe. Hiyo ndiyo ilikuwa sura ya tisa ya kitabu ulichokuwa ukiandika, na mchapishaji alikuwa tayari.

Macho yako yalipofifia, ulinichukua mimi, Nell, nikufunulie kurasa. Mimi niliugua nikaacha shule ya msingi. Maandishi yale siyajui. Nilitazama rangi tu. Nikakunong'oneza, "Baba, huyu aliyekata si ndiye aliyeandika hapa pembeni?"

Wino wa mstari na wa maandishi ya pembeni ulikuwa mmoja, wa kahawia unaoelekea kijani. Pembeni, kama ulivyonieleza, wafua misumari, mafundi wenye mchezo huo, walikuwa wameandika: refu mno, mkokoteni wa nyuma unangoja. Basi waliokikata kilio ni wao wenyewe, si wakubwa wa dini.

Ukacheka, "Binti yangu, umenibomolea nyumba."

Mama alikusihi, "Baba Nell, nyamaza tu. Nani atajua?"

"Nell anajua."

"Nell huyu? Haongei hata na muuza mkate!"

"Ndiyo maana nitasema mimi."

Ukasimama mbele ya wasomi wenzako, ukakiri kosa. Ukazuia kitabu, ukaianza sura ile upya. Kifo kilikukuta ukurasa wa kumi na nne.

Mwezi uliopita mchapishaji aliuliza kama atoe sura ya zamani, kwa kuwa ile ilikamilika. Mama alilia sana. Kisha akamjibu, "Toa mpya. Pale alipoishia, iishie hapo hapo."

Unakumbukwa na mkeo Hilda, mwanao Alban na mkewe Judith, dada yako Muriel, nami Nell. Hatutakusahau, Baba, maadamu tunaishi.