Kibati cha Mwaloni Namba 31

Sarang'ombe, Jumanne, Mei 1996

Heri nisingeingia kwa Mama Awino leo. Jirani yangu huyu alitaka nione ukuta wake mpya wa mabanzi. Kwenye banzi moja, juu ya gome, nikaona kibati changu: namba 31, mwandiko wangu mwenyewe.

Mwaka jana nilikipigilia kwenye mwaloni mkubwa kule mlimani, tulipokuwa tukihesabu miti ya msitu. Mikono yangu haikukutana nikiupima.

"Sasa mvua haitatusumbua," akasema. "Ona vile mtoto amelala."

Nikasema ukuta ni mzuri. Ni mzuri kweli.

Wiki ijayo tunarudi kuhesabu. Nikisema ukweli, askari wa msitu watakuja kwa Mama Awino, si kwa mwenye msumeno aliyeuangusha mwaloni.

Alipotoka kuteka maji, niliking'oa. Kiko hapa mezani. Hata msumari haujapata kutu.